Wimbo wa Sadaka Katika Harusi Yangu

Ninaiona kama jana ile siku niliyorudi Kampala na masanduku mawili, suti ya kijivu na diploma ya hoteli kutoka Dubai. Kabla sijaondoka, vijana niliobeba nao magunia katika soko la Kikuubo walikuwa wamenicheka sana. "Dubai utaiona kwenye kalenda," walisema. Na waliposikia kwamba ninampenda Salome, binti wa Sajini Barnaba wa kambi ya jeshi ya Makindye, wakazidisha: "Wewe uoe binti wa Sajini kanisani? Labda uitwe kubeba viti vya wageni!" Basi nilirudi, mwanangu, nikapewa kazi ya kusimamia ukumbi wa hoteli, na Salome alikuwa bado ananingoja. Hayo niliyafanya kwa jasho langu mwenyewe, na sioni haya kuyasema. Anayeitilia shaka diploma aje sebuleni kwangu aisome.

Lakini leo sikuandikii habari za diploma. Nimesikia kwamba wewe na mchumba wako mnachagua nyimbo za ibada ya ndoa, na kwamba jambo hilo limewafanya msiongee tangu Jumapili. Kaa nikusimulie.

Mimi nyimbo nilizichagua peke yangu. Salome alipewa maua, nguo na wasimamizi, mimi nikajipa nyimbo, kwa kuwa nilijiona mtu aliyesikia kwaya za dunia. Nilichagua za Kiingereza tupu, zile tulizoimba kanisani kule Dubai, na nikamtafuta mpiga kinanda hodari. Nilijua meneja wangu angeketi mbele na wale wa Kikuubo wangeketi nyuma. Nilitaka wote wasikie mimi ni nani sasa.

Salome aliniomba wimbo mmoja tu.

Baba yake alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia. Lugha yetu imeyaweka maneno harusi na kiharusi karibu mno, na nyumbani kwao mambo hayo mawili yalikuja kukutana kweli. Mzee alilazwa hospitali ya Mulago, akatoka akitembea kwa fimbo, ila maneno yalikuwa yamemkimbia. Akitaka chumvi, mdomo ulitoa "dirisha". Akijisikia amekosea, alifunga mdomo na kutazama ukuta. Huyu ni mtu aliyekuwa akiamrisha gwaride zima, mwanangu, na sasa hakuweza kuomba chumvi.

Hata hivyo aliweza kuimba. Madaktari walisema hutokea hivyo kwa baadhi ya wagonjwa, maneno yakakataa kusemwa na yakakubali kuimbwa. Kwake ulibaki wimbo mmoja, wa Kiswahili, uliokuwa ukiimbwa katika kanisa la kambini watu wakipeleka sadaka mbele. Huo aliuimba wote, beti zote, bila kukwama.

"Tuingie nao kanisani," Salome akaniambia. "Baba anishike mkono, auimbe."

"Salome, huo ni wimbo wa sadaka. Watu wataanza kutafuta kikapu."

"Watafute."

"Halafu Kiswahili! Kwenye harusi, katikati ya Kampala! Wageni watadhani wanajeshi wamekuja kuwatoa nje."

Hakucheka. "Hicho Kiswahili ndicho Baba alinilea nacho," alisema, akainuka kwenda kuangalia chai.

Nyinyi wa siku hizi huenda msielewe. Watu wengi hapa mjini walikuwa wamekizoea Kiswahili kama lugha ya kuamriwa: simama, kaa chini, toa kitambulisho. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekizungumza Kikuubo na Wakenya na Wakongo mchana kutwa, nikauzia nacho, nikatania nacho. Nilipovaa suti nikakivua.

Wiki ya harusi ilipofika, Sajini akakataa kuja kanisani. Alilirudisha koti lake kabatini, akatikisa kichwa, basi. Wote tulijua sababu. Mchungaji angeuliza, "Nani anamtoa binti huyu?" na baba alipaswa kujibu mbele ya kanisa lote. Aliogopa kusema "dirisha" siku ya harusi ya mwanawe.

Nami nikasema, tena mbele ya Salome, kwamba baba yake mdogo angefaa kushika nafasi hiyo, kwani Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Salome akavua pete ya uchumba, akaiweka mezani kando ya kikombe changu, akaingia ndani.

Mama yake alikuwa uani anachambua maharage. Alikuwa mwanamke wa Arua aliyezeeka kambini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini vilevile.

"Weye, kijana. Kuja, keti."

Nikakaa.

"Weye umesoma hoteli, sindiyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Wanakufundisha kukaribisha watu."

"Ndiyo kazi yangu, Mama."

"Sasa mgeni akikuja na muguu moja, unamwonyesha ngazi, unasema panda?"

"Hapana, Mama. Tunamtafutia njia nyingine."

"Ehee." Akatupa punje mbovu. "Muzee yangu iko na mulango moja tu amebaki nayo. Hiyo wimbo. Na weye umeifunga sababu unataka bosi asikie Kingereza. Bosi atakula keki, ataenda nyumbani. Huyu utamwita Baba mpaka mumoja wenu aingie udongo."

Nikainama, nikaanza kumsaidia kuchambua.

"Na angalia pale mulangoni," akasema. "Viatu yake. Anapiga rangi kila asubuhi tangu Jumatatu. Mutu hataki kwenda, anapiga rangi ya nini?"

Niliingia ndani, nikapiga magoti mbele ya Sajini, nikamwomba aje aniimbie. Alinigonga kifuani kwa kidole, polepole, kisha akaniinua kwa mkono wake mmoja wenye nguvu. Salome alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Pete aliichukua mwenyewe pale mezani, sikumvisha mimi.

Siku ya harusi mpiga kinanda aliukosa ule wimbo kabisa, akaishia kukunja mikono. Sajini akaanza mwenyewe mlangoni, sauti nzito, ya kukwaruza kidogo. Nilikuwa mbele, nikisikia jinsi kanisa lilivyonyamaza, na kwa pumzi chache nilitamani ardhi inimeze pale. Ndipo askari wa getini akaitikia kutoka nje. Wakafuata akina mama wa Kikongo waliouza vitenge kule sokoni, kisha Wakenya, kisha wale vijana wa Kikuubo, ambao sikujua kama wanajua wimbo wowote wa kanisani. Wageni wa Kiganda wakashika ile sauti ya chini bila maneno, nao wanajua kuishika. Bibi mmoja wa safu ya mbele alifungua fundo la leso akatoa noti, akatazama huku na huku akitafuta kikapu. Naapa.

Mchungaji akauliza, "Nani anamtoa binti huyu?"

Sajini akafungua mdomo. Kimya. Midomo ikacheza, shingo ikakaza, jasho likamtoka. Nilimwona Salome akimminya mkono. Baba mdogo akanyanyuka nusu kwenye benchi, na mama mkwe akamvuta koti akakaa. Hapo mzee akafumba macho, akaimba ule mstari wa mwisho peke yake: "Natoa kwa moyo, mkono siurudishi nyuma." Akauweka mkono wa Salome katika wangu.

"Kanisa limesikia," Mchungaji akasema.

Mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Usichague nyimbo za kuonyesha umefika wapi. Watu watajua tu, suti itawaambia. Nenda kwanza kwa wazee wa pande zote mbili, uwaulize kwa upole ni wimbo gani wanaobaki nao wakiwa peke yao, na huo uingie katika ibada hata kama kinanda hakiujui, hata kama lugha yake inakuaibisha. Usikubali akate beti yule mwenye haraka ya kwenda kwenye sherehe. Na mchumba wako akikuomba wimbo mmoja, usimweleze ubaya wa wimbo. Muulize ni wa nani. Mpigie simu leo, kabla hujalala, umuulize hivyo tu.

Mungu awajalie nyumba ambayo mtu wa kwanza kuamka huamka akiimba. Awape watoto watakaowauliza maana ya maneno, na subira ya kuwajibu. Na siku mtakayokosa la kuambiana, kwa maana siku hiyo huja kwa kila wenye ndoa, mmoja wenu aanzishe wimbo, na mwenzake aitikie.