Kikombe cha Majani

Shangazi yangu tunamwita Bi Lenzi, maana kioo chake cha kukuzia hakimtoki shingoni hata akiwa jikoni. Kazi yake kwenye bustani ya mimea ni kueleza mmea huu ni upi na unatofautianaje na ndugu zake. Hata mchumba wangu alimkagua kuanzia kucha mpaka masikio. Kaka wa watu akatimua mbio, na mimi sijamsamehe Shangazi mpaka leo.

Nyumbani alikuwa na mmea mmoja tu, wa ukoo wa nanasi, usiotaka udongo. Aliufunga kwenye kigogo katika chumba cha marehemu bwana yake, mkusanyaji wa mimea. Bwana huyo aliteleza gengeni akiuchuma. Kapu lilipatikana, mmea ukiwa ndani. Yeye hakuonekana tena.

"Mmea ule ulio ndugu yake, miiba ya ukingoni imepinda kuelekea shinani," alinieleza, akipitisha kidole kwenye jani. "Huyu imepinda kuelekea nchani. Lakini miiba haitoshi. Ndugu zake wote wana vigamba viwili ndani ya kila petali, kule chini. Huyu akikosa, ni aina mpya, na nitampa jina la mume wangu. Kaburi hana, basi angalau jina."

"Si uchanue basi, tupumzike!"

"Ukichanua, unakufa. Huchanua mara moja tu."

Hapo ndipo palipokuwa na kasheshe. Majani yale yalishikana katikati yakafanya kikombe, na hakuna aliyekitia maji. Hata hivyo, kila asubuhi kilikuwa kimejaa. Siku moja nilikikausha kwa sifongo, nikafunga mlango, nikalala na ufunguo. Asubuhi nikakikuta kimejaa pomoni, maji baridi, sakafu kavu. Nikamkimbilia Shangazi mezani.

"Anakuja kuumwagilia," Shangazi alisema huku akipaka siagi kwenye mkate.

"Usinitishe bwana!"

"Nakutisha nini? Ni mume wangu."

Lakini macho yake yalikuwa yanafifia, na daktari alishasema hakuna dawa. Asingeweza kungoja zaidi: ama ampe mumewe jina, ama aendelee kutembelewa. Alinuna wiki nzima, haongeleshwi. Kisha nikamkuta ameufunika mmea kwa mfuko wa nailoni, ndani yake ndizi mbivu, kwa sababu harufu ya matunda yanayoiva huuchokoza uchanue. Alikuwa analia waziwazi.

"Nimechoka kumngoja," alisema. "Hapana, naongopa. Sijachoka."

Shada jekundu likatoka, na maua ya buluu. Akalipasua ua moja kwa sindano, akainamia lenzi. Vigamba hakuna. Akalitamka jina la mumewe kwa sauti, mara moja, ameelekea mlangoni.

Asubuhi iliyofuata kikombe kilikuwa kikavu. Mmea ukaanza kuoza. Pembeni likachipua chipukizi, na kikombe chake kikavu vilevile. Nilimwonea huruma jamani, nikachukua jagi nilitie maji, akanishika mkono.

"Acha. Nitajua ni wewe."

Shangazi ana mazoea ya kupindua bilauri yake kando ya kitanda kabla ya kulala, isiingie vumbi. Leo asubuhi nimeikuta imesimama, imejaa mpaka ukingoni, inatoka jasho kwa ubaridi. Nimepiga ukelele. Yeye ameipapasa, ameinusa, amekunywa yote bila kupumua.

"Umechelewa," amesema, na hakuwa akiniambia mimi.