Kompyuta Mbili Hadi Mto Ruvuma

Niliondoka Songea kwa sababu ya kompyuta iliyokufa. Askari mmoja aliileta kwenye banda langu la ufundi pale Bombambili, imefungwa ndani ya kiroba cha unga. Nilipofungua kifuniko cha chini, vumbi jekundu lilimwagika mezani, na chini ya vumbi kulikuwa na kutu. Ilikuwa mashine ya gharama, na haikuwa imemaliza hata msimu mmoja kambini. Nikamwambia hapa hakuna cha kutengeneza.

Siku chache baadaye nikapigiwa simu na kapteni wa kikosi chake. Walikuwa kando ya mto Ruvuma, kusini mwa Tunduru, wakilinda mpaka. Bila kompyuta, alisema, droni yao ni mdoli wa watoto.

"Fundi Sesilia, nimechoka kuchaguliwa mashine na watu waliokaa kwenye kiyoyozi. Njoo uone tunapoishi, halafu unishauri."

Mume wangu hakuipenda safari hiyo. Habari za mashambulizi ng'ambo ya mto tulikuwa tunazisikia kila wiki, na hazikuwa nzuri. Lakini nilikubali. Nikakusanya mashine mbili za kujaribu. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, yenye nguvu za ajabu, aina ile wanayotumia wahariri wa filamu. Kazi ya kuchosha unaipa, hata chai haijapoa imeshamaliza. Ya pili ilikuwa nzito kama tofali, gamba gumu, kila tundu lina kifuniko cha mpira, haina feni ya kuvuta vumbi. Ukiimwagia maji haishtuki. Ila mwendo wake ni wa kobe.

Asubuhi ya safari, gari la jeshi lilisimama mbele ya banda. Dereva alikuwa koplo mrefu, mwembamba, jina lake Oswin, mwenyeji wa Maposeni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hizi mbili naomba zisirushwerushwe."

Alikwenda nyuma ya kiti, akatoa blanketi lake mwenyewe, akazifunga mashine zote mbili kama mtu anayemfunga mtoto mgongoni, akaziweka katikati yetu.

Hadi Namtumbo tulikwenda vizuri. Oswin alikuwa mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya parokia yao, na alikuwa akiendesha huku akivuma sauti ya chini peke yake, besi bila wimbo wenyewe, mpaka nikacheka. Alisema baba yake humpigia simu kila mwaka kumwuliza atakuja lini kuvuna mahindi.

"Anadhani jeshi lina likizo ya mavuno. Nikimweleza, ananyamaza, halafu anauliza tena."

Tulinunua mihogo ya kuchemsha, tukala tukiwa ndani ya gari. Upande wa Lusewa mvua ilikuwa imesimama kama ukuta mweusi. Oswin aliitazama, akasema mwaka huu makorongo yatakuwa na kazi.

Baada ya Tunduru mjini tuliiacha lami. Mikorosho ilitusindikiza kwa muda mrefu, kisha ikaisha, likabaki pori. Njia ilikuwa ya udongo, mahali pengine vumbi, mahali pengine tope, na joto lilikuwa linaingia madirishani kama mvuke wa sufuria. Tulipita vijiji viwili ambavyo nusu ya nyumba zilikuwa zimefungwa kwa misumari. Oswin aliacha kuvuma. Nilimwuliza wenyewe wako wapi, akasema wamesogea juu, mbali na mto.

Jioni tuliingia kambini. Mahema, jenereta linalokohoa, nzi, na harufu ya nguo zisizokauka. Nilikabidhiwa kwa Sajini Zainabu, mwanamke wa Tunduru mwenye macho yaliyochoka, ambaye ndiye aliyekuwa akirusha droni. Alinipa nafasi hemani mwake na maji ya kunawa.

"Karibu, dada. Huku kila kitu kinaoza. Viatu, betri, hata sisi."

Kabla giza halijaingia tulizijaribu mashine. Zainabu alinieleza kazi yenyewe: ng'ambo ya msitu mawasiliano hukatika, kwa hiyo droni huruka yenyewe kwenye njia iliyopangiwa, hupiga mamia ya picha, hurudi nazo. Kompyuta ndiyo huzichambua moja moja na kutafuta chochote kinachofanana na mtu au gari. Hewa ilikuwa imepoa kidogo. Ile nyembamba ilimaliza kazi tukiwa bado tunaongea. Ile nzito tuliisubiri mpaka tukachoka. Kapteni alisimama nyuma yetu, akaipigapiga ile nyembamba kama mtu anayempongeza farasi.

"Nadhani tumeshapata jibu, fundi."

Nilimwomba tuone kwanza joto la mchana. Akakubali.

Kesho yake asubuhi, Oswin na mwenzake walitumwa kupeleka chakula kwenye kituo kidogo kilicho upande maji yanakoelekea. Alinipungia mkono akiwa kwenye usukani. Kulikuwa na jua kambini, lakini ngurumo zilisikika mbali, upande maji yanakotoka. Haikupita muda mrefu, redio ikaleta sauti yake: wako kwenye korongo, maji ni ya magotini, wanavuka. Baada ya hapo redio haikuleta kitu tena.

Mchana askari waliotumwa kwa miguu kuwatafuta waliliona gari limelala ubavu ndani ya maji, halina mtu. Korongo lilikuwa limegeuka mto, na ule mto wenyewe ulikuwa umefurika hadi kwenye miti. Zainabu akairusha droni kufuata maji. Iliporudi alikuja mbio na kadi ya picha.

"Ile ya haraka," alisema. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaifungua.

Jua lilikuwa limekaa juu ya hema, turubai likitoa joto kama jiko. Mashine ilianza kwa kasi, feni zikapiga kelele, picha zikawa zinapita. Kisha ikapunguza mwendo. Kisha kioo kikawa cheusi. Niliigusa chini, ikaniunguza kidole. Tuliipepea kwa karatasi ngumu, tukaiwasha tena, ikapita picha chache, ikazima. Tuliitoa nje kivulini, tukalowesha kitambaa. Ikazima. Kapteni alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

Tukaihamishia kadi kwenye ile nzito. Hiyo haikuzima. Haikupata joto, haikulalamika, na haikuwa na haraka na mtu. Picha moja, maji ya kahawia. Picha nyingine, maji ya kahawia. Zainabu alikuwa akisoma dua kwa sauti ndogo, na mimi nilikuwa nikiutazama mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefika wapi ukisogea kama unavyotazama pumzi za mgonjwa. Nilitamani kuupiga ngumi.

Jua lilikuwa limeanza kulegea ilipotuonyesha watu wawili. Mmoja alikuwa ameng'ang'ania juu ya mti. Mwingine, mbele zaidi, alikuwa amesimama kwenye mwamba katikati ya mto, maji yamemfika kiunoni. Alikuwa mrefu, mwembamba. Alikuwa ameinua mkono mmoja.

Askari waliondoka na kamba na mtumbwi wa plastiki. Yule wa mtini walimkuta, wakamteremsha akiwa anatetemeka. Mwamba hawakuuona. Ulikuwa chini ya maji.

Asubuhi iliyofuata walimpata Oswin, amenaswa kwenye matete. "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema Zainabu, kisha akaingia hemani akaanza kufuta vumbi kwenye mashine zote mbili, akazifuta, akazifuta, mpaka nikamshika mikono.

Kabla sijaondoka kambini, kapteni aliniuliza ushauri wangu. Nilimwambia anunue ya gamba gumu, lakini toleo lenye nguvu kuliko hii, na ziwe mbili ili zigawane picha. Ile nyembamba nirudi nayo mjini.

"Kama tungeanza na ile nzito?" aliuliza.

"Sijui, kapteni."

Aliitikia kwa kichwa. Nafikiri naye hakutaka kujua.

Njia ya kurudi tulipita bila kusimama, Tunduru, Namtumbo, Songea, mimi mbele pamoja na dereva mwingine, na jeneza nyuma likiwa limefunikwa bendera. Bombambili tulipita mbele ya banda langu lakini sikushuka. Niliona si sawa aliyenipeleka salama nimwache njiani.

Maposeni tulifika jioni. Mahindi yalikuwa yamekomaa, marefu kuliko watu, na waombolezaji walikuwa wamejaa hadi barabarani. Baada ya maziko kesho yake nilikwenda kumpa pole baba yake.

"Shikamoo baba. Pole sana."

"Marahaba mwanangu. Wameniambia ulikuwepo. Ulikuwa na ile mashine ya kutazamia."

"Ndiyo, baba."

"Ilimwona?"

"Ilimwona."

"Akiwa hai?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi njia nzima, hilo sikulitegemea. "Alikuwa hai, baba. Alikuwa amesimama. Droni ilipopita aliinua mkono."

"Basi alijua kwamba mmemwona," alisema mzee, akanishika bega, akaenda kuwakaribisha wengine.

Kabla ya safari ile nilidhani nguvu ya kompyuta ni mwendo wake, na ndivyo nilivyokuwa nikiwaeleza wateja. Siku hizi mtu akija kuniuliza mashine yenye nguvu, naitoa nje juani, naipa kazi nzito, nakaa nayo. Wengine wanakereka, wanasema wana haraka, wanaenda duka jingine. Nawaacha waende. Mimi nabaki pale juani, nasubiri nione kama itazima.