Koki ya Chini ya Kompresa

Nilinunua kompresa ya mtumba nianze kupaka rangi magari hapa nyumbani, Mbagala. Mota yake ilikuwa imeungua, nikafunga nyingine. Ikazunguka vizuri, ila mshale wa geji ya upepo haukupanda. Mie nikaamua kwamba umeme ni mdogo, na anayeumaliza ni jirani yangu Baba Rehema, anayechomelea mageti. Nikamshtaki kwa mjumbe wa mtaa.

Ijumaa mjumbe akapita akielekea msikitini, kanzu nyeupe imepigwa pasi. Baba Rehema akazima mashine yake bila ubishi.

"Shikamoo mzee," nikamwambia mjumbe. "Sogea karibu ujionee."

"Marahaba. Haya, washa."

Nikawasha. Mota ikanguruma, mshale ukalala palepale. Nikaanza kueleza kwamba labda mtaa wa pili nako wanachomelea. Mjumbe hakunisikiliza. Alikuwa anatazama pindo la kanzu yake, lililokuwa linapepea huku likigeuka rangi ya kutu.

Chini ya tangi kuna koki ya kumwagia maji machafu. Niliifungua mwenyewe nikiisafisha, nikasahau kuifunga.

Nikainama, nikaifunga. Mshale ukapanda taratibu, sote tukiutazama.

"Mzee," Baba Rehema akauliza kwa upole, "mie naweza kuwasha sasa?"