Sungura wa Rangi ya Mchanga

Manyoya ya kondoo yakilowa hutoa harufu nzito, kama maziwa yaliyolala pamoja na blanketi la zamani, na harufu hiyo ikinifikia popote vidole vyangu huanza kuona baridi. Joho la manyoya alilonivisha bosi wa baba lilikuwa la mwanawe mkubwa, refu mpaka nikawa nalikanyaga. Tulikuwa kaskazini kabisa mwa Saudia, kwenye milima ya upande wa Tabuk, ambako miaka mingine theluji huanguka, ikakaa siku chache kisha ikatoweka. Nilikuwa na miaka tisa. Kwangu mimi nchi ile niliyozaliwa ilikuwa joto la Jeddah na vichochoro vya Karantina. Sikujua kwamba ina mahali ambapo mtu akisema, maneno yanatoka na mvuke.

Mama alikuwa amefariki kabla ya baridi ile kuanza. Alikuwa akisafisha nyumba za watu Jeddah, na tuliishi chumba kimoja Karantina pamoja na wanawake wengine wawili wa Kenya. Baba alikuwa dereva Riyadh, nami nilimwona kwa nadra. Ilikuwa miaka ile mawakala walipozunguka hadi vijijini kwetu wakitafuta watu wa kwenda Saudia, na kila familia ilikuwa na mtu wake huko. Tulipomzika mama, baba alinichukua kwa basi mpaka Batha, mtaa wa katikati ya Riyadh, na kutoka Batha mpaka chumba chake kidogo kilichokuwa nyuma ya geti la bosi. Madam, mke wa bosi, akiwa na wageni, sikutakiwa kuonekana uani. Hakuna aliyesema nikae, wala hakuna aliyesema niondoke. Ili nibaki na baba ilibidi bosi, ambaye ndiye kafili wake, mdhamini wa kibali chake cha kukaa nchini, akubali, na baba hakuwa bado amepata mdomo wa kuomba. Kama si hivyo, ningepelekwa Taveta kwa nyanya niliyemjua kwa sauti ya simu tu.

Aliyempa baba ujasiri ni Dada Saumu, mfanyakazi wa ndani kutoka Mombasa, ambaye aliijua hasira na furaha ya kila mtu katika nyumba ile. Alimwambia asiombe bosi akiwa anatoka kazini, wala akiwa na simu sikioni. "Mngoje apate sungura wake," alisema. "Akimpata huyo, hata gari atakupa, utuendeshe na sisi." Ugonjwa wa bosi ulikuwa picha. Alikuwa na picha za ndege wa kila namna na za mbweha pia, lakini sungura wa porini juu ya theluji alikuwa amemkosa baridi baada ya baridi. Mara theluji iliyeyuka kabla hawajafika, mara sungura hakuonekana. Safari hii alipoletewa habari za theluji, alisema mwenyewe kwamba mtoto naye aje akaione. Baba aliichukua kama dalili njema. Nami njia nzima nilikuwa nikipima dalili: amenipa tende, amecheka, halafu nikaanza kuogopa kwamba labda amecheka kwa sababu nyingine.

Sungura hafuatwi moja kwa moja. Unapita upande kana kwamba una safari zako, unainama, unasimama, unaangalia kwingine. Bosi alitangulia na kamera yenye lenzi ndefu, baba nyuma yake amebeba miguu mitatu ya kuisimamishia, mimi nyuma ya baba, nikipumulia ndani ya joho ili mvuke wangu usimtishe mnyama ambaye hata hatukuwa tumemwona. Baba alikuwa amenikataza kukohoa, kwa hiyo koo liliniwasha asubuhi yote. Kisha nikamwona. Sungura wa kule hageuki mweupe wakati wa baridi. Hubaki na rangi ya mchanga. Alikuwa amejibanza kando ya kichaka, masikio ameyalaza mgongoni, ametulia kabisa, kwa kuwa siku zote kutulia kulikuwa kumemtosha. Juu ya weupe ule alionekana kama doa kwenye shuka. Nikamvuta baba mkono. "Baba, yule pale."

Bosi alijilaza kifudifudi kwenye theluji, na kamera ikaanza kulia kwa haraka, sauti ndogo kama ya mtu anayetafuna mbegu. Sungura akainua masikio, jua likapenya ndani yake hata mishipa ikaonekana, kisha akaruka na kupotea. Bosi alicheka kama mtoto. Alimkumbatia baba, akaja kunionyesha picha kwenye kioo cha kamera, akaniita hodari, akamimina kahawa. Hapo baba akavua kofia.

Aliomba kwa Kiarabu, nami nilikuwa nimekua nacho, nilikielewa kuliko yeye, hivyo hakuna neno lililonipita. "Bosi," alisema, "huyu mtoto hana mama. Naomba akae na mimi."

Bosi aliniangalia, na macho yake yakalowa. Lazima niseme kwamba alikuwa mtu mwema. Alisema mtoto wa kike hawezi kulelewa katika chumba cha dereva, anahitaji nyanya yake. Alisema tikiti atalipa yeye, na shule atalipa yeye, mpaka nitakapomaliza, kwa baraka za sungura yule. "Halas, yamekwisha," alisema, "mzigo wako nimeubeba."

Baba alisimama na kofia yake mkononi. Mtu amekupa zaidi ya ulichoomba, na hajakupa ulichoomba. "Shukran, bosi," alisema. "Mungu akuzidishie." Akainama kumbusu begani. Tulipokuwa tukipakia vitu garini akaniuliza kwa Kiswahili kama nimesikia. Nikasema nimesikia.

"Ni mtu mwema, mama," akasema.

"Ndiyo, baba."

Nimeligeuza jambo hili kichwani miaka yote. Nisingemwona sungura, tungerudi Riyadh bosi amenuna, baba angenyamaza, nami ningeendelea kukaa nyuma ya geti wiki baada ya wiki, na pengine wiki hizo zingekuwa miaka. Au ningefukuzwa. Sijui. Nilipelekwa Taveta kwa nyanya, na bosi alitimiza ahadi yake hadi ada ya mwisho ya chuo kikuu, na sina kosa lolote la kumshika nalo, ingawa nimelitafuta.

Baba alirudi Taveta mwaka jana, amezeeka, na mimi nipo nyumbani na shahada yangu, natuma maombi ya kazi. Riyadh magodoro yetu yaligusana, naye alijua kwa pumzi zangu kama nimelala au nalia. Sasa tuna nyumba ya vyumba vitatu, na tunapishana mlangoni tukiombana radhi. Juzi alinipikia chai, akasimama na kijiko mkononi, akaniuliza kama mimi huweka sukari. Niliwaza ni jibu lipi litamuumiza kidogo. Siweki sukari tangu nilipokuwa msichana.

"Viwili, baba," nikasema, nikainywa yote.