Walivyomwapisha Kaisa Wetu

Mpaka leo nikimwona mtu anakunjua karatasi alizozichapa kwenye intaneti, anataka kunieleza watu wangu ni nani, mori unanipanda. Si kwamba sipendi kusoma. Mimi ni mwalimu, na miaka hiyo nilikuwa nasomesha skuli ya wasichana Nizwa, kila Jumatano mchana narudi kwetu Ibra. Lakini kuna kusoma na kuna kudandia maneno, na yule shemeji yetu mtarajiwa alidandia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mdogo wangu aliposwa na kijana wa Al Qabil. Sisi tulirudi Oman kutoka Tanga, wao walirudi kutoka Bujumbura, kwa hiyo tukasema alhamdulillah, tumepata watu tunaofahamiana. Mama wa kijana akiwa jikoni na sisi alimwaga Kiswahili mpaka raha. Wanaume wakiingia tu, loo, anageuka Mwarabu mtupu, utadhani hajapata kuonja mandazi maishani mwake.

Bibi yetu mzaa mama alikuwa na chumba chake pale nyumbani, na ukutani alitundika ukanda wa mahameli mwekundu. Ulishonwa kwa uzi wa dhahabu ndege aliyetanua mbawa, na chini yake neno KAISA. Nimekua naujua ukanda ule kama ninavyoijua birika ya kahawa. Bibi alipokuwa msichana, wanawake wa Tanga walikuwa na vyama vya ngoma. Baba zao na babu zao walikuwa wameona majeshi ya Mjerumani na ya Mwingereza, basi wao kwenye ngoma wakajigawia vyeo kama vya wale: kuna Kaisa, yaani mfalme wa Mjerumani, kuna Jemadari, kuna Kwini, hata Daktari alikuwapo, asiyejua kutibu mafua. Ndege mwenyewe walimnakili kwenye rupia kuukuu ya Mjerumani aliyoivaa mwenzao shingoni. Bibi alipewa ukaisa kwa sauti yake na kwa mkono wake mkunjufu, maana Kaisa ndiye aliyepeleka chakula kwa wagonjwa na kusimamia misiba.

Na siri walikuwa nazo, naam. Nyimbo zao zilikuwa za kuwapiga vijembe chama cha upande wa pili, kwa hiyo walizifanyia mazoezi milango imefungwa, na kila mmoja aliapa kutozitoa nje kabla ya siku ya mashindano. Kuna nyimbo walizitunga mashindano yakavunjika, zikabaki hazijasikiwa na mtu. Nilimsihi bibi tangu utoto aniimbie mmoja, akikataa. Mdogo wangu alipoposwa ndipo alipolegea. "Wenzangu wote wamekufa," alisema. "Na wale wa upande wa pili wamekufa, wa kuuiba nani? Siku ya harusi yake nitauimba mmoja, mzima mzima." Nikanunua kinasa sauti kipya kwa ajili hiyo.

Siku walipoleta posa, kaka wa bwana harusi aliingia chumbani kumwamkia. Alikuwa injinia kule Sur, kijana nadhifu, kanzu haina hata kunjo. "Shikamoo bibi," ilimtoka kwa taabu. "Marahaba mwanangu." Akauona ukanda, akauliza ni kitu gani. Bibi, maskini, alifurahi kuulizwa. Akamwambia habari za chama, za vyeo, za kiapo. Kijana akauliza, "Kiapo cha siri gani, bibi?" Bibi akacheka, akamtania: "Ah, ya chama hayo, mwanangu! Nikikwambia si nitakuwa nimekivunja?" Tukacheka sote. Yeye alitabasamu kwa adabu, akaaga.

Haukupita muda babake akampigia baba simu: harusi isimame kwanza, kuna jambo. Wakaja Alhamisi baada ya alasiri, yeye, bwana harusi na injinia wetu ameshika rundo la karatasi. Baba aliwakaribisha halwa na kahawa, hawakugusa. Mimi nilikaa mlangoni na shela langu, na ningefukuzwa nisingeondoka. Injinia akaanza kutusomea: zamani Ujerumani paliundwa jumuiya ya siri ya mambo ya uchawi. Ina vyeo. Ina viapo. Wanawake pia wanaingia. Akainua kichwa akasema, "Na bibi amekiri kwa kinywa chake mwenyewe. Cheo chake ni cha Kijerumani, na ndege wa Kijerumani yuko ukutani."

Ebo! Nilizichukua karatasi mkononi mwake, na Kiingereza nakisoma. Nikazisoma zote pale pale, wao wamekaa. Nasema kweli, sijapata kuona upuuzi uliovaa joho kama ule. Wazungu wachache wenye nafasi zao walikutana wakajiita mabwana wakubwa wa hiki na kile, wakatoa vyeti vya vyeo juu ya vyeo, mwingine amekinunua cheo kwa mwenzake, mwenzake amekipata wapi hakijulikani. Wakagombana, wakagawanyika, kila kipande kikadai ndicho chenye siri yenyewe. Mwisho serikali ya manazi ikawapiga marufuku na baadhi yao wakafungwa. Na siri hizo walizipata wapi? Hapo ndipo niliposimama wima. Imeandikwa kwamba mkubwa wao alidai kafundishwa na Mwarabu, huko Mashariki!

"Mwarabu gani?" niliwauliza. "Wa wapi? Wa hapa Al Qabil? Mjerumani anasema uchawi kaupata kwenu, nyie mnasema bibi yangu kaupata kwa Mjerumani. Sasa nani amroge nani?" Injinia akanijibu kwamba ukurasa huo haukuwa muhimu. Haukuwa muhimu! Kwani alichapa kurasa za nini, za kufungia samaki?

Nikamgeukia babake. Nilimwambia kwamba Bujumbura nako ngoma zilichezwa, na kama mamake mwenyewe hakucheza basi alikuwa mgonjwa. Mzee akamtazama baba, hakunitazama mimi. Baba akasema, "Binti, basi." Bwana harusi mwenyewe, anayedaiwa kumpenda mdogo wangu, alikuwa anaangalia zulia.

Mzee akaleta sharti lake kwa sauti laini, kama mtu anayekufanyia hisani. Hawataki kuvunja posa. Bibi aape tu kwa Msahafu kwamba amejitoa kwenye chama, na kwamba hatakuwa tena na shughuli nacho, si vyeo vyake, si nyimbo zake, si ngoma yake. Watu wamekwisha kusikia, alisema, na yeye ana jina la kulinda. Jina lake! Jina la bibi yangu aliyesali maisha yake yote, aliyeosha maiti wa watu bila kuitwa mara mbili, hilo halikuwa na mlinzi.

Bibi aliyasikia yote kutoka chumbani kwake. Akaja na mkongojo, ametia udhu. Nikamwambia, "Bibi, usiape. Hujakosa kitu." Akanishika mkono. "Mjukuu wangu, mtoto analia kule jikoni. Nguo zake zimekwisha kushonwa. Niletee Msahafu." Akaapa. Mzee alimtamkia neno baada ya neno na yeye akamfuata, vyeo, nyimbo, ngoma, na hakuna hata mmoja aliyeona haya. Kisha wakanywa kahawa. Jioni ile bibi aliuteremsha ukanda, akaukunja, akautia sandukuni.

Harusi ikawa, na nzuri. Akina mama wa ngoma tuliwatoa Sur. Kwetu ngoma ya harusi haikuanza bila bibi: huinuka, huinua mkongojo, hupiga hatua zake na kuzunguka, ndipo wengine waingie. Ngoma zikalia, watu wakageuka kumtazama, bibi kakaa. Zikalia tena. Mama wa bwana harusi, dhahabu mpaka kiunoni, mabega yamekwisha kumcheza, Kiarabu chote kimemtoka, akaja akainama mbele yake na mikono miwili ameinyosha.

"Haya bibi, inuka utufungulie. Bila wewe hakunogi."

"Siwezi, mwanangu," bibi alimwambia, taratibu, bila kinyongo hata kidogo. "Mmeniapisha."

Yule mama aliishusha mikono yake, akarudi kukaa. Mimi nilikuwa na kinasa sauti mkobani. Bibi aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na kila harusi nilimbembeleza, na hata siku za mwisho, tukiwa wawili tu na mlango umefungwa, nilimbembeleza. Alinitazama kwa huruma, akatikisa kichwa. Tumemzika Ibra na nyimbo zake zote.