Siku Tuliyopimwa Kuingia Jeshini

Mimi sikwenda Musoma kutafuta jeshi. Aliyekuwa anataka jeshi ni kaka yangu. Nilimsindikiza kwa sababu mama alikataa asafiri peke yake. Ilikuwa ile miaka ya dhiki baada ya vita, sabuni imepotea madukani na nguo tunafua kwa majani ya mpapai. Kijijini kwetu, karibu na Kibara, mtu mwenye uhakika wa kula na kuvaa alikuwa askari tu.

Kaka alikuwa mvuvi, mabega yake yamejengwa na kasia. Mimi nilikuwa nimelelewa Butiama kwa mjomba, mbali na ziwa, na nilikuwa nimerudi nyumbani muda si mrefu baada ya kumaliza shule. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kukagua nyavu, kaka alikimbia mchangani kujizoeza. Nilikimbia naye ili asichekwe peke yake.

Tulipanda lori la pamba hadi Bunda, tukapata jingine hadi Musoma. Uwanjani tulikuta vijana wamejaa, wengi mbavu nje. Sajenti mmoja akaniuliza mbona nimekaa pembeni. Nikamwambia nimemsindikiza kaka yangu.

"Hapa hakuna wasindikizaji," akasema. "Vua shati, panga foleni."

Walitupima urefu kwa nguzo iliyochorwa alama, na kifua kwa utepe wa fundi cherehani, kwanza ukiwa umetoa pumzi, kisha ukiwa umeijaza. Wakatufunua midomo kuangalia meno kama tulivyozoea kuona ng'ombe wakiangaliwa mnadani. Wakatutembeza peku kwenye vumbi waone nyayo zetu, maana mwenye unyayo bapa hafiki mbali na buti. Kila hatua kulikuwa na waliotolewa. Kwenye pushapu kijana mmoja alilala kifudifudi akashindwa kuinuka. Alikuwa analia, anasema hajala tangu jana. Walimvuta kwa mikono hadi kwenye kivuli cha ukuta, zoezi likaendelea.

Kisha zikaja mbio, barabara ya Nyegina kwenda na kurudi, jua limeshakuwa kali. Kaka aliwaacha wote. Nilipofika mimi, katikati ya kundi, nilimkuta amesimama mikono kiunoni, hata hahemi sana, sajenti anampigapiga begani.

"Huyu ni askari tayari," sajenti aliwaambia wenzake.

Kilichobaki ni mkojo. Tulipewa makopo, kila mtu akaenda na lake mbele ya tabibu wa jeshi. La kaka lilikuwa jekundu.

"Una kichocho," tabibu akasema. "Toka."

Kaka hakuelewa. "Afande, sisi kwetu tunakojoaga hivi. Si ndiyo kukua?"

Hakuwa anatania. Kule kando ya ziwa mvulana ambaye hajaanza kukojoa damu alionekana bado mtoto. Mimi mwenyewe nilichekwa kwa hilo niliporudi kutoka Butiama.

"Hiyo ni damu, kijana. Kuna minyoo imekuingia kwa maji ya ziwa, inaharibu kibofu. Jeshi halichukui mgonjwa."

"Lakini mbio nimewashinda wote."

"Nimeona. Toka, wenzako wanasubiri."

Akatoka. Kopo langu tabibu aliliinua kwenye mwanga, akalitazama, akaniambia nisimame upande wa waliofaulu. Nilisimama pale nikimwangalia kaka anavaa shati lake. Alikosea vifungo, akavifungua, akakosea tena.

Tulipewa ruhusa kwenda kuaga, nikaongozana naye hadi hospitali kuuliza dawa. Muuguzi hakutaka hata kutudanganya. "Dawa ya kichocho hatuna, wanangu. Hata ya malaria hatuna."

Nje ya lango nilimwambia kaka turudi wote nyumbani. Alinishika mkono kwa nguvu, nikaumia.

"Nyumba moja haiwezi kukosa mara mbili," alisema. "Nenda, mdogo wangu. Mama nitamweleza mimi."

Nikaenda. Maisha niliyoishi yalikuwa yake, chakula na sare na kitanda, na kila nilipokuja likizo aliniomba nivae buti anione. Alikuwa anacheka, lakini hakuwahi kuzijaribu.

Baadaye biashara ikafunguliwa. Maduka ya Bunda yakajaa sabuni na vitenge, na magari ya viwanda vya minofu yakawa yanafuata sangara hadi mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa. Kaka akapata nyavu zake mwenyewe, akawa anashinda majini kuliko zamani. Dawa nazo zilikuja, lakini sasa zilikuwa za kununua, na yeye alikuwa na watoto wa kusomesha. Nilipomsihi akatibiwe alinijibu, "Si unaniona nina nguvu?" Kweli alikuwa nazo. Bado alikuwa anaburuta mtumbwi peke yake.

Nguvu zilimwisha ghafla. Mkojo ulianza kutoka kwa maumivu, baadaye ukaziba kabisa. Nilipopewa ruhusa kazini nilimkuta hospitali, daktari akanieleza kwamba kibofu kimeharibika na uvimbe umesambaa. Muuguzi alitaka kubadilisha shuka, nikambeba kaka mikononi. Alikuwa mwepesi mno. Niliangalia ukutani asione uso wangu.

"Unahema," akaniambia. "Mazoezi umeacha?"

"Bado nafanya, kaka."

"Usiache."

Alifariki wiki hiyohiyo. Tulimzika nyuma ya nyumba yake, ziwa linaonekana.

Watu walipotawanyika niliwaita watoto wake, nikawaambia kwa sauti ya amri, ile ninayoitumia kazini, kwamba kuanzia leo sitaki kusikia mtu ameingia ziwani. Mama yao, shemeji yangu, alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, kanga ya msiba kichwani. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Sawa, shemeji," akasema taratibu. "Na maji tuchote wapi?"

Kijijini hapakuwa na bomba wala kisima. Nilikaa kwenye mkeka karibu naye. Jioni binti mkubwa alichukua ndoo akateremka ziwani, mdogo wake nyuma yake.