Talaka ya Tatu na Kompyuta ya Gari

Mke wangu nilimwacha kwa ajili ya kompyuta ya gari. Watu nikiwaambia hivyo hucheka kwanza, halafu wakiniangalia usoni hunyamaza.

Ni mtu wa hasira mimi, sikatai. Hasira zenyewe za kijinga, zile zinazopanda kwa jambo dogo na kushuka kabla chai haijapoa. Lakini ulimi unakuwa umeshapita mbele. Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia hasira ni hasara, nami nikijibu, "Ndiyo mama," kama mtoto anayeambiwa anawe mikono.

Nilizaliwa Tabora. Nilikuja Oman nimeshabaleghe, nikapata kazi idara ya maji, kwanza Nizwa, baadaye Ibra. Kiarabu changu kilikuwa cha kuungaunga. Ofisini waliniita Zinjibari, na mie Unguja sijapata kuiona hata kwenye ndoto. Basi nikataka kuwa Mwarabu kuliko Waarabu. Nikajifunza kufunga kilemba, nikajifunza kutikisa kikombe cha kahawa nikitosheka, na katika yote niliyoiga nikaliiga na lile baya ambalo wenye busara miongoni mwao wenyewe walikuwa wakilikataza: kuapa kwa talaka. Mtu anataka mgeni wake ale, anasema, "Alayya talaq, hutoki hapa bila kula!" Yaani ukitoka, mke wangu kaachika. Mgeni anaogopa kumvunjia mtu nyumba, anakaa, anakula, mambo yanakwisha. Mie niliona huo ndio uanaume. Baba yangu kule Tabora aliishi na mamangu miaka arubaini na hakuwahi hata mara moja kulitaja neno hilo, na sikujiuliza kwa nini.

Mke wangu alikuwa mtu wa Sur, wazee wake wametoka Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini, kilichopigwa pasi. Alikuwa akinicheka. "Bwana, Kiswahili chako kimeshuka kwenye treni na mizigo yake." Nikimjibu vibaya anacheka zaidi. Tulipata watoto wawili wa kike. Nilimpenda. Naandika neno hilo sasa kwa sababu wakati ule nililifanyia uchoyo.

Talaka ya kwanza ilinitoka Nizwa. Alikuja mtu kutoka Sinaw, nikamuapia kuwa hatoondoka bila chakula cha mchana. Yule bwana alikuwa na ngamia wake mgonjwa, akaniomba radhi, akapanda gari akenda zake. Ya pili ilikuwa soko la wanyama siku ya Ijumaa, hapo hapo Nizwa. Nilibishana na muuzaji juu ya umri wa mbuzi. Nikaapa. Akafunguliwa mdomo yule mbuzi, meno yakahesabiwa mbele ya kadamnasi, na mimi ndiye niliyekosea. Mara zote mbili nilimrejea mke wangu ndani ya eda, kwa aibu na kwa machozi. Mara ya pili alikubali, lakini alinikalisha kitako. "Baba watoto, imebaki moja. Moja tu. Hiyo ikitoka, mimi na wewe ni watu baki, hata mkono huwezi kunipa. Nakuomba usiiguse."

"Sitoigusa," nikasema. Na nilisema kweli, kwa kadiri ya nilivyojijua.

Miaka ikapita. Tulikuwa tumeshahamia Ibra, na nilikuwa na gari la saluni la Kijapani la silinda sita, rangi ya mchanga. Siku za joto likaanza kunizimikia njiani, bila onyo, mara mbili mbele ya malori. Nililifungua mwenyewe. Kompyuta ya injini, lile sanduku la bati linalokaa chini ya dashibodi upande wa abiria, ilikuwa imevuja vidude vyake vya ndani, inanuka kama samaki aliyelala. Ya kiwandani haikupatikana. Rafiki yangu aliyeko Sharja akaniletea nyingine, iliyotengenezwa na watu wengine kabisa, lakini plagi zake ni zile zile: unachomoa ya zamani, unachomeka mpya, hukati hata waya mmoja. Nilifurahi kama mtoto wa Idi.

Nikaifunga siku ya Ijumaa, baada ya sala. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alikuwa amekuja kutoka Sur kula na sisi. Naye ni mtu wa magari, lakini wa kizamani. Akasimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa.

"Shemeji, kilichofungwa na Mjapani usikifungue."

"Mjapani hajui joto la hapa."

"Ati plagi zimeingia! Hata mguu wangu unaingia kwenye kiatu chako, lakini sitembei. Hilo haliwaki."

"Litawaka."

"Haliwaki, nakwambia. Utalivuta kwa kamba mpaka sanaiya kwenye magereji, na mafundi watakucheka."

Alikuwa anatania tu, na akicheka. Mie jasho linanitoka, mgongo unaniuma, na sauti yake naisikia ndani ya meno. Nikatoka chini ya dashibodi, nikamnyooshea kidole, nikasema, "Alayya talaq bi-thalatha, talaka tatu, lisipowaka ufunguo wa kwanza, dada yako kaachika!"

Kikombe kilimtoka mkononi. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na sufuria zilizokuwa zikigongana huko ndani zikanyamaza.

Ningeweza kusimama hapo. Nimelifikiria hilo kila siku ya maisha yangu. Ningefunga mlango wa gari, nikaenda kwa shekhe nikauliza, na gari lile likakaa pale uani mpaka liote kutu, nami na mke wangu tukazeeka. Shemeji mwenyewe alinishika mkono. "Usiliwashe. Shemeji, nakuomba, mlaani shetani, usiliwashe." Lakini nilikuwa na uhakika! Plagi zimekaa, taa ya dashibodi imewaka vizuri. Nikaona nikiliacha nitakuwa nimeshindwa. Nikakaa, nikazungusha ufunguo.

Starta ikazungusha injini, ikazungusha, ikazungusha. Haikushika.

Nikapeleka mkono kifuani, mfukoni mwa dishdasha, sijui nilikuwa natafuta nini, na vidole vyangu vikagusa fyuzi ya pampu ya petroli. Nilikuwa nimeichomoa mwenyewe kabla ya kuanza kazi, kama ninavyofanya siku zote, petroli isije ikapanda wakati nachezea nyaya. Nikaisahau. Nikairudisha mahali pake, nikazungusha mara ya pili, na injini ikawaka laini, haijapata kuunguruma vizuri vile tangu nilinunue. Kompyuta haikuwa na kosa lolote.

Nikamwambia shemeji, kwa sauti ya chini, "Tuko wawili tu hapa."

Mke wangu alikuwa ameshafika mlangoni, mikono ina unga. "Na Mwenyezi Mungu umemhesabu?" akasema. Hakupiga kelele. Akarudi ndani kuzima jiko.

Tulikwenda Nizwa mimi na shemeji, kwa shekhe mmoja mzee ambaye watu walimtegemea kwa mambo ya ndoa. Shekhe akaniuliza nilichosema, nikakisema. Akaniuliza kama nilikuwa na akili zangu. Nikaona mlango. Ningejibu kwamba hasira zilinipoteza, kwamba sikujua ninachosema, labda angepata pa kunishikia. Lakini nilijua. Nilichagua neno lile kwa sababu nilijua uzito wake, ndio maana likamtisha shemeji.

"Nilikuwa na akili zangu," nikasema.

"Na zilizotangulia ni ngapi?"

"Mbili."

Akasema zimeshatimia tatu, si mke wangu tena; nimpelekee salamu zake, na kwamba anamuombea. Shemeji alilia ndani ya gari. Mie nilishindwa kulia siku ile, nikalia baada ya wiki, nilipokuwa natafuta chumvi jikoni na sikujua inakaa wapi.

Alikwenda Sur na watoto. Eda ikaisha, na mwaka uliofuata akaolewa na mgane wa upande wa Ras al Hadd, mtu mzima, mpole, ana mashua zake na maneno machache. Binti zangu walimwita ammi. Nilikuwa nawafuata kila mwisho wa wiki kwa gari lile lile, na mama yao akitokea mlangoni hujifunika uso mbele yangu, kama anavyotakiwa kujifunika mbele ya mwanamume wa barabarani. Uso nilioujua kuliko wangu.

Sasa nitasema jambo baya. Sheria inasema mke wa talaka tatu harudi kwa mumewe mpaka aolewe na mwingine, na ndoa hiyo ivunjike au mume afe. Nilikuwa najua. Kwa miaka saba nilisali safu ya mbele mjini Ibra, na katika sijda, astaghfirullah, moyo wangu ulikuwa ukimsubiri mtu asiyenikosea kitu.

Akafa, kwa maradhi ya figo. Nilikwenda matangani, nikashika mikono ya ndugu zake. Nikahesabu miezi minne na siku kumi za eda. Zilipokwisha nikamuomba shemeji aniposee dada yake, naye akakubali kwa furaha, maskini, alikuwa amejibebesha dhambi yangu miaka yote hiyo.

Mama watoto alinikaribisha Sur. Nilikaa ukumbini na shemeji, yeye akakaa nyuma ya pazia. Niliomba msamaha. Nilisema nimebadilika, kwamba neno lile halijapita mdomoni mwangu tena, na ilikuwa kweli.

"Nimekusamehe zamani," akasema. "Lakini sikutaki."

Shemeji akaguna. Dada yake akamwambia anyamaze.

"Marehemu hakujua kusema maneno mazuri. Lakini kwake nililala usingizi. Kwako, kila ukibishana na mtu, na wewe ulibishana kila siku, mie nilikuwa jikoni nimezuia pumzi, nasikiliza kama ndiyo leo. Hata kabla ya mbuzi. Hata kabla ya yule mtu wa Sinaw, nilishakusikia ukiwaapia watu ofisini kwa simu. Sirudi kwenye kusikiliza."

Miaka kumi na mbili nilikaa sebuleni na wageni, nikisikia jikoni kimya, na nilikuwa nikidhani ananyamaza kwa kuwa anapika.